Kiharusi humwangusha mmoja, gharama hulipwa na nyumba nzima

  

Ndugu zangu Waislamu, wakazi wa Kigoma na Ujiji hawajasahau mwaka 2024, pale shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilipositishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Kwa wasiopafahamu, Kibirizi ni mwalo ulio kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Hapo ndipo wanaposhushwa dagaa na migebuka, na ndipo zinapoondokea boti za kwenda vijiji vya mwambao, Burundi na Kongo. Katika miezi ile mitatu mwalo ulipoa. Chanja za kuanikia dagaa zilibaki tupu, na mama lishe waliokuwa wakipika sufuria tatu wakawa wanapika moja.

Katika siku hizo nilikwenda kumjulia hali ndugu mmoja pale Kibirizi, mvuvi aliyeanguka kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 38. Upande wa kulia wa mwili hauna nguvu na maneno hayatoki sawasawa. Nilipokuwa naaga, nikamwambia mkewe maneno ya kumliwaza, kwamba hali ni ngumu kwa kila mtu maana ziwa limefungwa. Akanijibu kwa upole: "Sheikh, wenzangu wanalalamika ziwa limefungwa, lakini wanajua litafunguliwa Agosti. Kwangu mimi limefungwa mwaka wa tatu sasa, na siku ya kufunguliwa anaijua Mwenyezi Mungu peke yake."

Nilitoka pale nikiwa sina jibu. Jibu lenyewe ndilo ninalojaribu kuliandika leo.

Hesabu tunayoikosea

Mtu akipatwa na kiharusi, sisi huhesabu gharama za siku za mwanzo. Tunauliza gari la kumpeleka hospitali limegharimu kiasi gani, kitanda kiasi gani, dawa kiasi gani. Tunachangishana msikitini, Allah awalipe wote wanaotoa. Baada ya wiki mbili mgonjwa anarudishwa nyumbani, tunasema alhamdulillah amepona, kisha kila mtu anashika njia yake.

Kumbe hapo ndipo hesabu kubwa inapoanza. Kiharusi ni tukio la ubongo. Ama mshipa wa damu unaoulisha ubongo umeziba, ama umepasuka na damu ikavuja. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa, na kiungo kilichokuwa kikiamrishwa na sehemu hiyo hupoteza nguvu. Wapo wanaofariki. Wapo wanaorudi katika hali yao kwa rehema za Allah. Na wapo wengi wanaobaki hai wakiwa hawawezi tena kufanya kazi waliyokuwa wakiifanya. Kwa hawa wa mwisho, gharama hupimwa kwa miaka waliyobakiwa nayo, na kwa mikono ya wazima inayoacha kazi zake ili kuwahudumia.

Tusidhani maradhi haya ni ya Ulaya. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, uliwahesabu watu waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, ilionekana kuwa kwa mwaka mmoja walikuwa takriban 109 katika kila watu 100,000 kule Hai, na takriban 316 kwa Dar es Salaam. Yaani mjini ni karibu mara tatu ya shamba. Wewe unayesoma gazeti hili ukiwa Kariakoo, Mwanga au Ujiji, jua kwamba unazungumzwa wewe.

Sababu kubwa inajulikana, nayo ni shinikizo la damu, tunaloliita presha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kuwa karibu robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa nalo. Presha haiumi. Mtu anavuta nyavu, anabeba magunia, anaswali safu ya mbele, na huku mishipa yake inachakaa kimya kimya.

Akianguka kijana

Sasa tutazame rika moja moja, kwa sababu kiharusi hakimtozi kila mtu bei ile ile.

Wengi wetu huamini kuwa kiharusi ni cha wazee. Lakini katika utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2020, karibu mmoja kati ya kila wagonjwa watatu wa kiharusi alikuwa na umri wa miaka 45 au chini ya hapo. Wengine walikuwa na presha wasiyoijua. Kwa vijana, maradhi ya moyo na selimundu pia huweza kuleta kiharusi.

Tuchukue hesabu nyepesi, kwa mfano tu. Kijana wa miaka 38 anapata shilingi 10,000 kwa siku ziwani, siku 20 za mwezi, kwani usiku wa mbalamwezi kali dagaa hawapatikani vizuri. Hiyo ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Kutoka miaka 38 hadi 60 ni miaka 22. Zidisha, utapata shilingi 52,800,000. Hizo ni fedha ambazo nyumba ile haitaziona, na hatujagusa dawa, nauli wala sabuni ya kufulia mashuka.

Kisha ongeza mke. Yeye alikuwa akianika dagaa na kuwauza kwa debe. Sasa hawezi kushinda mwaloni, kwa sababu mume anahitaji kugeuzwa, kulishwa na kusafishwa. Kipato cha pili nacho kimekatika. Ongeza binti wa kidato cha pili anayeanza kukosa shule, kwanza siku moja kwa wiki, halafu tatu, halafu moja kwa moja. Mshahara ambao binti huyo angeupata baada ya miaka kumi nao ni gharama ya kiharusi cha baba yake, ingawa hakuna risiti ya hospitali itakayouonesha.

Ndiyo maana nasema kiharusi cha kijana ni deni refu. Mgonjwa ana miaka mingi mbele yake, watoto wake ni wadogo, na bado hajaweka akiba yoyote.

Akianguka mtu wa makamo

Mtu wa miaka 50 hadi 60 kwa kawaida ana kitu. Ana boti, ana fremu ya duka, ana nyumba ya kupangisha, au ana mtaji wa kununua dagaa na kuwasafirisha Dar es Salaam. Hapa kiharusi hula kile kilichokwisha kujengwa. Kwanza inauzwa injini, kisha kiwanja, kisha mtaji wenyewe. Aliyekuwa na mkopo wa kikundi anaandamwa na wenzake, na aliyekuwa akidai watu anasahaulika, kwa kuwa hesabu zote zilikuwa kichwani mwake na ulimi umefunga.

Wala tusidhani kuwa utajiri ni kinga. Jirani zetu wa Kenya wanamkumbuka Kenneth Matiba, aliyekuwa waziri na mfanyabiashara mkubwa mwenye mahoteli na shule. Mwaka 1991, akiwa anakaribia miaka 60, alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini bila kufunguliwa mashitaka. Aliishi miaka 27 baada ya hapo, hadi alipofariki mwaka 2018, na katika miaka hiyo biashara zake ziliingia katika madeni. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Serikali imlipe fidia ya takriban shilingi milioni 504 za Kenya. Mvuvi wa Kibirizi hana mahakama ya kumhesabia hasara yake. Anahesabiwa na mkewe, usiku, akiwa macho.

Akianguka mzee

Wapo watakaosema kuwa mzee wa miaka 75 hana mshahara, kwa hiyo akianguka hakuna kilichopotea. Kauli hiyo ni kosa katika uchumi na ni kosa kubwa zaidi katika dini.

Kiuchumi, mzee anapoanguka bili hulipwa na vijana. Mtoto aliyeko Dar es Salaam anaomba ruhusa kazini, anasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kuja Kigoma, ruhusa inaisha, anaomba nyingine, mwisho anachagua kati ya kazi na mzazi. Na mara nyingi anayetakiwa kuchagua ni binti au mkwe wa kike. Watoto wa kiume hutuma pesa kidogo wakaona wamemaliza, ilhali dada yao amefunga genge lake mwaka mzima.

Kidini, Allah (SW) ametuamrisha katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, tuwatendee wema wazazi wetu wanapofikia uzee tukiwa nao, tusiwatolee hata neno la kuchoka, na tuwainamishie bawa la unyenyekevu kwa huruma. Amri ile haikushushwa kwa mabinti peke yao. Kama mko watoto sita, basi gharama na zamu ni za sita. Anayekaa na mzazi ana haki ya kusaidiwa, maana yeye anatoa uhai wake wa kila siku na wengine wanatoa salio la simu.

Lakini je, si kadari?

Hapa husikika hoja kwamba haya yote yameandikwa, na presha itamfika aliyeandikiwa. Ni kweli, hakuna linalotufika ila alilotuandikia Allah. Lakini tuwaulize waliotutangulia walilielewaje jambo hilo.

Khalifa Umar bin Khattab (RA) alikuwa safarini kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akaambiwa kuwa huko mbele pana tauni. Akaamua kurudi na watu. Abu Ubaydah (RA) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kuwa ndiyo, wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika kwenye bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu. Popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari ya Allah (Bukhari na Muslim).

Basi anayepima presha na kumeza vidonge vyake hakimbii kadari. Anachunga upande wenye rutuba. Mtume (SAW) ametuhimiza kujitibu, akatufahamisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee (Abu Daud na Tirmidhi). Na ametufundisha kuwa miili yetu ina haki juu yetu (Bukhari). Turudi kwenye hesabu yetu ya kijana wa miaka 38. Hata tukisema vidonge vyake vya presha vingemgharimu shilingi 500 kila siku, kwa miaka 22 ni shilingi 4,015,000. Haifiki hata sehemu ya kumi ya zile milioni 52 zilizopotea.

Hali kadhalika tuache tabia ya kumpeleka aliyepooza ghafla kwa mganga kwa madai kuwa amepigwa na jini au upepo mbaya. Ramli ni haramu, na siku nne zinazopotea kwa mganga ndizo siku ambazo hospitali ingeweza kumwokoa. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika ghafla, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Kumsomea Qur'an ni jambo jema, na anaweza kusomewa akiwa njiani kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni.

Boti ya mgonjwa si mali ya urithi

Nirudi kwa yule ndugu wa Kibirizi. Alikuwa na fungu katika boti moja, yeye na nduguze. Alipoanguka, fungu lake likauzwa. Mkewe hakuulizwa, na mgonjwa mwenyewe hakuulizwa kwa kuwa "haongei". Fedha iliyofika nyumbani ilikuwa ya kununulia unga.

Ndugu zangu, huyu mtu yu hai! Hakuna mirathi ya mtu aliye hai. Mali yake ni yake hata kama mkono wake hauwezi kuishika. Kupooza ulimi hakumwondolei mtu akili, na wengi wa wagonjwa hawa wanasikia na kuelewa kila kinachosemwa pembeni ya kitanda chao.

Ajabu ni kwamba Qur'an imekwishalizungumzia jambo hili kwa uwazi. Katika Suratul Baqarah, aya ya 282, Allah (SW) ametuamrisha tuandike madeni yetu na tuweke mashahidi. Kisha akamtaja mtu aliye dhaifu au asiyeweza kuimla mwenyewe, akaagiza kwamba msimamizi wake aimle kwa niaba yake kwa uadilifu. Zingatia maneno hayo: kwa uadilifu. Msimamizi ni mdomo wa mgonjwa. Akiugeuza mdomo huo ukaseme anayoyataka yeye, amemdhulumu mtu asiyeweza hata kupiga kelele.

Kwa hiyo kila mwenye mali, kubwa au ndogo, aandike leo. Andika nani unamdai, nani anakudai, fungu lako kwenye boti ni kiasi gani, mashahidi ni akina nani. Karatasi moja kwenye droo inaweza kuwa ndiyo itakayowasomesha wanao. Mtume (SAW) alimwelekeza Sa'ad bin Abi Waqqas (RA), alipokuwa mgonjwa na kutaka kutoa mali nyingi kwa wosia, kwamba kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiwanyooshea watu mikono (Bukhari na Muslim).

Tufanye nini?

Kwanza, kila msikiti ununue kipimo cha presha. Tumekuwa hodari wa kuchangia mazulia na vipaza sauti. Baada ya swala ya Ijumaa, kijana mmoja aliyefundishwa akae barazani apime watu, na wanaokutwa na presha ya juu waelekezwe zahanati. Akina mama nao wawekewe siku yao, maana wengi wao hupimwa wakiwa wajawazito tu.

Pili, aliyeanzishiwa dawa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa hizo. Wakati wa Ramadhani azungumze na daktari kuhusu saa za kumeza, na kama kufunga kunamdhuru, Allah amekwishampa ruhusa katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185.

Tatu, tupunguze chumvi. Watu wa Kigoma tunaijua chumvi tangu enzi za biashara ya Uvinza, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyomo ndani ya mchuzi. Chupa ya chumvi iondoke mezani. Sigara ndiyo iachwe kabisa.

Nne, miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo yenye faida kubwa kwa mazoezi ya viungo. Familia ifundishwe hospitalini namna ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi, na waliobaki mtaani wapokezane ili mke au binti apate saa chache za kwenda mwaloni. Mkono wako wa saa mbili kwa wiki una thamani kuliko fungu la machungwa.

Tano, zaka. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imewataja mafukara, masikini na wenye kulemewa na madeni miongoni mwa wanaostahiki. Nyumba ya mgonjwa wa kiharusi mara nyingi inaingia humo kwa milango yote mitatu. Kamati za misikiti ziwe na orodha ya nyumba hizi na ziangalie ada, sare na madaftari ya watoto wao kwa miaka, si kwa wiki mbili. Na kwa kuwa tangu mwaka 2023 nchi ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, maimamu waulize utaratibu wake na wawasaidie waumini kujiunga wakiwa bado wazima.

Ndugu yangu Muislamu, ziwa lilipofungwa mwaka ule wapo waliojiandaa. Walikausha dagaa mapema, wakaweka akiba, na miezi mitatu ikapita bila ya kukopa. Walijua tarehe. Kiharusi hakitangazi tarehe, na ndiyo maana Mtume (SAW) alituusia kuitumia siha yetu kabla ya maradhi na ujana wetu kabla ya uzee.

Ijumaa hii, kabla hujaenda kuswali, nenda ukapime presha. Ukitoka msikitini, pita kwenye nyumba ya yule jirani aliyeanguka mwaka juzi. Usimuulize mkewe kama mgonjwa anaendelea vizuri. Muulize mtoto gani hajaenda shule wiki hii, kisha ufanye jambo.

Ewe Mola wetu, wape shifaa wagonjwa wetu, wape subira na wepesi wanaowahudumia, na utujaalie tuwe wenye kuzichunga amana zako kabla hujazichukua. Amin.

Wabillahi tawfiq.